Kupanda mikoko kwenye tope la wazi Tanga: tunawasaidia ndege au tunawanyima malisho?

Mwambao

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaojua ndege wa pwani na mikoko, maana uamuzi unatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Kuna kikundi cha mazingira kusini mwa jiji la Tanga, upande wa kuelekea Tongoni, kimepata fedha za mradi wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kazi iliyoandikwa kwenye mkataba ni miche 20,000 ya mikoko. Eneo lililopendekezwa ni tope la wazi mbele ya msitu uliopo: maji yakipwa linatandazika kama uwanja, upana mita 300 hivi kutoka mstari wa miti hadi ukingo wa maji, urefu karibu kilomita 1. Halijengwi wala halilimwi, na nadhani ndiyo sababu kila mtu akaliona "liko bure".

Ila haliko bure. Kuanzia Septemba hadi Aprili linajaa vitwitwi wa kila namna, sululu, na wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wanaokula kaa (Dromas ardeola). Nyuma ya msitu kuna majaruba ya chumvi, yaani mabwawa yenye kuta za udongo ya kukaushia maji ya bahari. Mengine yanafanya kazi, mawili yameachwa miaka mingi lakini kuta zake bado nzima.

Maswali yangu: mikoko ikipandwa kwenye lile tope, ndege watapata faida au hasara? Kama si hapo, ipandwe wapi? Na la tatu, wafadhili wanataka taarifa ya "athari za tabianchi kwa ndege" baada ya miaka 2. Kuhesabu kunafanyikaje ili tusije tukaandika uongo?

MchuNaMkandaa

Mkuu, jibu fupi ni kwamba usipande hapo. Miche mingi itakufa, na itakayopona itawafukuza ndege.

Mkoko hauoti popote penye tope na chumvi. Kila aina ina kimo chake. Mbele kabisa, panapopigwa na maji kila siku, ni mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe na msinzi, kisha mkandaa, na mchu unakaa pande zote mbili, mbele na nyuma. Chini ya usawa wa kati wa bahari, yaani mahali panapofunikwa na maji zaidi ya nusu ya siku, hakuna aina hata moja inayostahimili. Na fikiria hili: mbegu za mlilana zinapita juu ya tope hilo kila bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), miaka nenda miaka rudi. Lingekuwa linafaa lingeshajipanda lenyewe. Tope likibaki tupu kando ya msitu wenye mbegu, basi lina sababu ya kuwa tupu.

Msiniamini kwa maneno, pimeni. Simika mti mmoja kwenye mstari wa mlilana wa mwisho, halafu mingine minne kila mita 50 kuelekea baharini. Chagua siku moja ya bamvua na moja ya maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili. Andika saa maji yanapofika kwenye shina la kila mti na saa yanapoondoka. Kama hamtaki kukesha, pimeni mzunguko mmoja wa mchana mzidishe mara mbili, kwa sababu pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku na tofauti kati ya kujaa kwa kwanza na kwa pili si kubwa. Chukua wastani wa siku hizo mbili. Panapofunikwa saa 8 au chini ya hapo kwa siku, panaweza kufaa. Kati ya saa 8 na 12, labda mlilana, na kwa bahati. Zaidi ya saa 12, acha kabisa.

Mkipanda chini ya hapo yatatokea haya. Mche mchanga hauna mizizi ya juu ya kuvutia hewa, kwa hiyo ukifunikwa muda mrefu unasongwa. Mwani unajizungusha kwenye shina na wimbi linauvuta kama tanga. Vigamba vile vinavyoganda kwenye nguzo za gati vinaganda na kwenye mche, uzito unauinamisha mpaka unalala. Kusi ikianza kuvuma, unakuta mistari mitupu. Na juu ya yote aina yenyewe huwa si yake. Watu wanapanda mkoko (Rhizophora mucronata) kwa sababu tunda lake refu linaokotwa kwa mamia asubuhi moja na kuchomekwa tu, hakuna kitalu. Mstari wa mbele si wa mkoko, ni wa mlilana. Kupanda mkoko pale ni kupanda kinachookoteka kirahisi.

Sasa upande wa ndege. Miche 20,000 kwa nafasi ya mita 1.5 inachukua hekta 4.5. Kwenye tope lenu la hekta 30 inaonekana kidogo, lakini itapandwa ukanda wa juu, na ukanda wa juu ndio unaoanza kukauka na wa mwisho kufunikwa. Ndege wanaanza kula hapo na kumalizia hapo. Isitoshe vitwitwi hawapendi kula karibu na miti. Kipanga na kozi hutokea nyuma ya miti na kuwashukia, kwa hiyo ukanda wanaouhama ni mpana kuliko uliopandwa.

Bahari nayo inalipunguza tope kutoka chini. Usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Kwa mwendo huo miaka 20 ni sentimita 7 na ushei. Kwenye tope lenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 500, sentimita 7 ni mita 35 za malisho zisizofunuka tena, labda mto ulete tope jipya la kuliinua. Ukipanda miti upande wa juu, umewabana ndege pande zote mbili, mmoja na bahari, mmoja na wewe.

Na mikoko yenyewe inataka kurudi nyuma bahari ikipanda. Nyuma inakuta nini? Kuta za majaruba. Kwa hiyo kazi yenu ya tabianchi iko kwenye yale majaruba mawili yaliyoachwa. Tafuteni picha za zamani za satelaiti muone hori (mkondo wa maji ya bahari) lilipitia wapi kabla ya majaruba kujengwa. Kata ukuta hapo hapo, mpaka usawa wa chini wa hori, na ukate pana kuliko unavyodhani panatosha. Mkato mwembamba unafanya maji yaende kasi, yanachimba shimo mlangoni badala ya kutandaa ndani. Udongo uliotupwa usiuache kama tuta jipya kando ya mkato, usambaze. Kisha subiri masika moja, mvua na bamvua vioshe chumvi iliyoganda ardhini. Mbegu zitaingia zenyewe. Baada ya mwaka, hesabu miche iliyojiotea kwenye viwanja vya mita 10 kwa 10. Panapokosa, hapo ndipo unapoongezea kwa mkono, mchu na mkandaa zaidi, si mkoko.

Kabla ya jembe kugusa ukuta, pata ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwa maandishi, kwa sababu mikoko ni hifadhi ya serikali. Ufukwe wenu kama uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, wahusishe na wao. Mwenye jaruba naye huenda ana hati, hata kama ameliacha.

Sululu_77

Amemaliza MchuNaMkandaa kuhusu miti. Mimi nichukue swali la tatu, maana hapo ndipo taarifa nyingi zinapoharibika.

Miaka 2 haisemi lolote kuhusu tabianchi. Mfano mzuri ni kitwitwi mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea), ambaye hapo kwenu bila shaka ni wengi. Anataga kaskazini mwa Siberia, Taimyr na kando zake. Huko mbweha hula lemingi, panya wa barafu, na lemingi huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 3 hadi 4. Wakiwa wengi, mbweha anashiba na makinda yanapona. Wakiadimika, mbweha anageukia mayai na makinda. Kwa hiyo vitwitwi wanaofika Tanga hupanda na kushuka bila hali ya hewa ya Tanga kuhusika hata chembe. Ukianza kuhesabu mwaka mzuri ukaishia mwaka mbaya, utaandika "ndege wamepungua kwa sababu ya joto". Mizunguko mitatu ya lemingi ni miaka 9 hadi 12. Waambieni wafadhili miaka 2 ni ya kuweka msingi wa takwimu tu.

Tabianchi kweli inaingia, ila mara nyingi mlango wake uko mbali. Kuna utafiti uliochapishwa 2016 kuhusu Calidris canutus, ndege wa jamii hiyo hiyo anayetaga Taimyr na kukaa kipindi cha baridi Mauritania. Theluji inayeyuka mapema, wadudu wanakuwa wengi kabla makinda hayajatotolewa, makinda yanakua na mwili mdogo na mdomo mfupi. Wakifika Mauritania, kombe wazuri wako chini kwenye mchanga na mdomo mfupi haufiki. Wanaishia kula chakula hafifu na wengi hawamalizi mwaka. Wanafia Mauritania, lakini tatizo lilizaliwa kaskazini. Ndiyo maana idadi peke yake haitoshi, lazima muwe na kitu cha kutenganisha tatizo la huko na tatizo la hapa.

Vitu viwili vinasaidia. Cha kwanza, hesabuni Juni mwishoni pia. Vitwitwi wa mwaka wa kwanza wengi hawarudi kaskazini, wanabaki pwani kusi nzima. Wachache mnaowaona Juni ni hao. Juni ikiwa na ndege wengi, uzazi wa mwaka uliopita ulikuwa mzuri. Ikiwa tupu, msishangae Januari ikiwa pungufu. Cha pili, hesabuni vituo vinne au zaidi siku moja: bandari ya Tanga, Mwambani, Tongoni, Kigombe. Wakipungua kituo kimoja na kuongezeka kingine, wamehama tu, kuna kinachowasumbua. Wakipungua vyote kwa pamoja, sababu iko nje ya ghuba zenu.

Jinsi ya kuhesabu. Maji yakipwa ndege wametawanyika kwenye mamia ya mita za tope, huwezi kuwahesabu wote. Wahesabu maji yakijaa, wanaposukumwa pamoja kulala kwenye mchanga wa juu, matuta ya majaruba au miti mifu. Anza saa 2 kabla ya maji kujaa kabisa, maliza saa 2 baada. Chagua bamvua, siku ya kwanza au ya pili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kwa bahati nzuri pwani yetu bamvua hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi, na bahari yetu iko mashariki, kwa hiyo ukisimama upande wa nchi kavu jua liko mgongoni. Ukihesabu jua likiwa usoni, kila ndege ni kivuli cheusi. Maji mafu yanakudanganya kwa njia nyingine: yanajaa mchana lakini hayafiki juu, tope la juu linabaki wazi, ndege hawakusanyiki, unaandika 60 na wapo 600.

Vifaa: darubini ya mkono 8x42 au 10x42, na kama mtaazima darubini ya miguu mitatu, inayokuza mara 20 hadi 60. Kihesabio cha kubonyeza mkononi. Daftari la penseli, wino unalowa. Simama mita 100 au zaidi. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja, umeshakaribia mno, rudi. Februari hadi Aprili kuwainua ni dhambi ya pekee, kwa sababu wanajaza mafuta ya safari, na kitwitwi huyo wa Siberia anaongeza uzito wake kwa zaidi ya nusu kabla ya kuondoka. Kila wanaporushwa wanachoma walichokula.

Kundi kubwa usilihesabu mmoja mmoja. Hesabu 10 kwa macho uone upana wake, halafu 50, halafu pita kundi zima kwa vipande vya 50. Wahesabuji wawili, kila mmoja kimya kimya, kisha mlinganishe. Tofauti ikizidi sehemu ya tano, rudieni. Usiyemtambua andika "kitwitwi mdogo, hajulikani". Kubahatisha jina kunaharibu takwimu kuliko kuacha wazi. Na sifuri iandikwe. Kituo kisichoandikwa sifuri, baada ya miaka 5 hakuna atakayejua kama hapakuwa na ndege au hapakuwa na mhesabuji.

Kwenye fomu weka pia: saa ya kuanza na kumaliza, saa ya maji kujaa kwenye jedwali, upepo, watu waliopo (wachimba chambo, wavuta kokoro, mbwa), na jina la mhesabuji. Mhesabuji akibadilika, mpya na wa zamani wahesabu pamoja mara 3 kabla ya kumwachia. Nimeona mifululizo ya takwimu "ikishuka" siku ile ile aliyestaafu mwenye macho makali.

Miezi: Novemba, katikati ya Januari, Machi mwanzoni, Juni mwishoni. Januari ndiyo inayolingana na sensa ya ndege wa maji inayofanyika Afrika nzima, kwa hiyo takwimu zenu zitakuwa na pa kwenda. Nature Tanzania, shirika la uhifadhi wa ndege na mazingira, wanajua pa kuzipeleka.

KijanaWaBaharini

Samahani wakubwa, lakini hapa watu wa pwani mnatusahau. Ufukwe unamegwa, minazi inaanguka baharini. Mikoko inavunja mawimbi. Kati ya nyumba na ndege wa Siberia, mimi nachagua nyumba.

MchuNaMkandaa

Mdogo wangu, chagua nyumba, hakuna anayekukataza. Ila mche uliokufa hauvunji wimbi. Mstari unaolinda nyumba ni ule msitu uliopo tayari, na unalindwa kwa kuzuia kukatwa boriti na kuni, na kuupa nafasi nyuma. Tope la wazi lenyewe linapunguza wimbi pia, linakuja refu linavunjikia mbali.

AmaniJuu

Niongezee kutoka milimani, kwa sababu mkoa huu huu wa Tanga una kisa cha tabianchi na ndege kilicho wazi kuliko cha pwani, na watu wa pwani huwa hawakifikirii.

Hewa hupoa kwa karibu nyuzi 0.6 kila ukipanda mita 100. Joto likiongezeka nyuzi 1, ndege anayetaka ubaridi ule ule inabidi apande mita 160 hivi. Milima ya Usambara Mashariki haizidi sana mita 1,500, na Amani yenyewe, yenye msitu wa hifadhi, iko karibu mita 900 hadi 1,000. Hesabu mwenyewe amebakiwa na ngazi ngapi. Usambara Magharibi inafika zaidi ya mita 2,200, lakini katikati kuna bonde la Lwengera, joto na mashamba, na ndege wadogo wa chini ya msitu wengi wao hata shamba la chai la mita 200 hawalivuki. Artisornis moreaui, yule mdogo mwenye mdomo mrefu anayejificha kwenye mitambazi, anajulikana Usambara Mashariki na uwanda wa Njesi kule Msumbiji tu. Akikosa pa kupanda hapa, hana mlima wa tatu.

William Newmark na wenzake wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu laini Usambara tangu 1987, wanawavisha pete na kuwaachia. Huo ndio urefu wa muda Sululu anaousema.

Kwa vikundi visivyo na kibali cha nyavu (na usijaribu bila COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), inatosha kusikiliza. Gawa mlima kwa kila mita 100 za kimo, kila ukanda vituo 5 vilivyoachana mita 200, dakika 10 kila kituo, kuanzia alfajiri hadi saa tatu. Makosa ni mawili. Kimo cha simu hukosea kwa makumi ya mita, na mita 50 ndiyo kitu unachokitafuta. Chukua kimo kwenye ramani ya mistari ya kimo na upake rangi mti, msipime upya kila mwaka. Kosa la pili ni majira. Juni hadi Agosti baridi ikikaza, baadhi ya ndege wa juu hushuka wenyewe mpaka misitu ya chini. Ukilinganisha Desemba ya mwaka jana na Julai ya mwaka huu utasema ndege wanateremka mlima. Linganisha mwezi kwa mwezi.

Na kupanda miti huku kuna mtego wake. Mhesi unaota haraka na miradi inaupenda, lakini ni mgeni Usambara, hondohondo wanakula tunda na kuutawanya kila pengo la msitu, na umeshakamata sehemu kubwa ya Amani. Ukiunganisha vipande vya msitu panda msambu na mkuyu. Msambu mbegu zake zina mafuta yanayouzika, kwa hiyo mkulima hana haraka ya kuukata.

Bint_Kaole

Naandika kutoka Bagamoyo. Mwambao, kabla hujakubali kukata kuta za majaruba yote mawili, subiri kidogo. MchuNaMkandaa amesema kweli kuhusu mikoko, ila majaruba ya chumvi ni vitanda vya hawa ndege. Bamvua ikijaa tope lote limefunikwa, hawana pa kusimama isipokuwa matuta. Ukilirudisha jaruba wanamolala kuwa msitu, umewaachia malisho ukawanyang'anya usingizi. Watahamia mbali, kila siku warushe mabawa kilomita kadhaa kwenda na kurudi, na tope lenu litakuwa na chakula kisicholiwa.

Kwa hiyo nenda saa kumi jioni ya bamvua, mara mbili au tatu kati ya Novemba na Februari, uangalie kila jaruba. Lisilolala ndege likatwe. Wanamolala libaki, na litunzwe hivi:

Kina cha maji. Kitwitwi mdogo anakula kwenye maji yasiyozidi sentimita 3 au 4, mguu wake ndio huo. Sululu na wale weusi-weupe wenye miguu mirefu myekundu wanaingia mpaka 15. Jaruba la sentimita 40 ni la samaki. Weka mti wenye alama ndani, usikisie. Sakafu isiwe sawa kabisa, upande mmoja uteremke kidogo ili kila mguu upate kina chake.

Tuta. Wanataka tuta tupu linaloonekana pande zote. Nyasi zikifika magotini hawakai, kipanga atawanyemelea. Fyeka Agosti kabla hawajafika, si Oktoba wakiwa wamelala.

Mvua. Zamani hesabu ilikuwa rahisi, masika majaruba yanajaa na ndege wanaondoka. Miaka ya vuli kubwa, kama ile ya El Niño ya 2023, maji ya mvua yanajaza majaruba Novemba, ndege wote wapo, na hakuna jaruba lenye kina kifupi kwenye pwani nzima. Chumvi haitoki kwa hiyo na mwenye jaruba hana sababu ya kushughulika. Dawa ni lango moja la mbao kwenye jaruba moja tu, linalofunguliwa maji yakipwa ili libaki na sentimita 5. Kazi ya mtu mmoja, nusu saa kwa siku. Ukifungua maji yakijaa umeongeza bahari juu ya mvua, nalo hilo hutokea.

Mwambao

Dada Bint_Kaole, na wakuu wote, nashukuru. Miti ya kupimia imeshasimikwa: mti wa pili tu, mita 50 kutoka mlilana, unafunikwa wastani wa saa 13. Kwa hiyo lile tope limefutwa.

Majaruba yameangaliwa bamvua mbili. La kaskazini wanalala mamia, wengi vitwitwi, na wale wa kaa kama 40 kwenye tuta la mwisho. La kusini halina kitu, limezungukwa na mchu mrefu pande tatu. Swali lililobaki: mkataba unasema miche 20,000 na mfadhili anataka namba. Na hao wa kaa, makinda yao mbona yanalialia yakifuata wakubwa Januari? Wanataga hapa?

Sululu_77

Hawatagi hapa. Wanachimba mashimo kwenye mchanga wa visiwa na fukwe za Uarabuni na Ghuba, kawaida yai 1, kati ya Aprili na Julai. Kinda anakuja na mzazi mpaka huku na bado analishwa kaa miezi kadhaa. Ndiyo maana wahesabu kwa makundi mawili, wakubwa na wenye mgongo wa kijivu. Wa kijivu ni vijana wa mwaka huo, na bahari ikipanda ikafunika visiwa vile vya mchanga vilivyo chini, dalili itaonekana kwanza kwenye hesabu hiyo.

MchuNaMkandaa

Mwandikie mfadhili kubadilisha kipimo: badala ya miche iliyochomekwa, hekta zilizorudishiwa maji na miche hai baada ya miezi 12 na 24 kwenye viwanja vya kupimia. Ambatisha jedwali la saa zako 13, halibishiki. Akishikilia namba, miche iliyojiotea nayo ni miche, ihesabu.

Kata la kusini. Mchu unaolizunguka ndio mbegu yenu, mko na bahati. Mkato uwe upande wa hori, si upande wa jaruba la kaskazini, la sivyo ukuta wa katikati utaliwa na maji na mtapoteza kitanda. Fanyeni maji mafu, mafundi wapate saa nyingi za kuchimba, na mmalize kabla vuli haijaanza.

Bint_Kaole

Na ukuta huo wa katikati uongezewe udongo kwanza, huo huo unaotoka kwenye mkato. Sentimita 30 juu ya alama ya bamvua kubwa ya Machi.